Sheria na Somo la Asili za Jamii

Katika sheria ya elimu iliyotiwa sahihi na Gavana Gavin Newsom wa California tarehe 8 Oktoba 2021, ambayo iliweka sharti kwamba wanafunzi wa sekondari za umma watakaohitimu kuanzia mwaka wa masomo wa 2029–30 wawe wamesoma, walau kwa muhula mmoja, somo la historia na maisha ya jamii za asili mbalimbali zilizoijenga nchi yao, mna kifungu kifupi ambacho aghalabu macho ya wasomaji hukipita kwa kuwa hakina ukali wala fahari, nacho kwa rai yangu ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya hekima ya sheria yote. Kifungu hicho chaamuru kwamba wilaya ya shule ikitunga yenyewe somo hilo, ilazimike kulileta kwanza mbele ya mkutano wa hadhara wa bodi yake, na isilipitishe siku hiyo, bali ingoje mkutano mwingine utakaofuata, ambapo umma utakuwa umepewa nafasi ya kutoa maoni yake. Mikutano miwili ya wazi na muda wa kutafakari baina yake: hilo tu ndilo linalotakiwa.

Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu mjadala wa somo la asili za jamii nchini Marekani, ambao umedumu kwa zaidi ya nusu karne na kuingia katika mabunge, mahakama na ofisi za magavana, umekuwa kwa kiasi kikubwa mjadala wa yaliyomo: nani atajwe na nani asitajwe, nani aitwe dhalimu na nani aitwe mdhulumiwa. Mimi nashikilia kwamba kazi ya sheria katika jambo hili ni kuilinda njia ambayo somo hupitia hata likafika darasani, na kuigharimia njia hiyo. Si kazi yake kuyaandika ya ndani ya somo, wala si haki yake kulifuta somo kwa kuwa limewaudhi wenye mamlaka. Ushahidi wa rai hii umo katika mambo yaliyotukia Arizona na California, nayo ni mambo yanayostahili kusimuliwa kwa tafsili.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, aliyezoea mtaala mmoja utungwao na taasisi ya taifa kisha ukashuka kwa kila shule vile vile ulivyo, hana budi kukumbuka kwamba Marekani haina mtaala wa taifa. Elimu ni mamlaka ya kila jimbo, na jimbo nalo huziachia wilaya za shule sehemu kubwa ya uamuzi. California peke yake ina wilaya karibu 1,000, kila moja na bodi yake, ambayo wajumbe wake aghalabu ni wakazi wa kawaida waliochaguliwa kwa kura, na bodi hizo ndizo ziajirizo walimu, zipitishazo bajeti na ziidhinishazo masomo. Kwa hiyo mtu anapouliza nani alitunge somo la asili za jamii na nani aliidhinishe, anauliza kwa hakika ni nani mwenye neno la mwisho juu ya simulizi ambayo mtoto atapewa kuhusu wazee wake na wazee wa jirani yake. Na swali la namna hiyo halijapata kuwa jepesi katika nchi yoyote, wala halitakuwa.

Somo lenyewe halikuzaliwa bungeni. Lilizaliwa katika mgomo, tarehe 6 Novemba 1968, pale wanafunzi Weusi wa chuo cha San Francisco State, wakiungana na wenzao wenye asili za Meksiko, Uchina, Ufilipino na Japani, walipoyaacha madarasa na kudai kwamba historia za watu wao zifundishwe, na zifundishwe na watu wazijuao. Mgomo ule ulidumu hadi Machi 1969, polisi wakaingia chuoni, wanafunzi wengi wakakamatwa, na hatimaye uongozi ukakubali kuanzisha skuli ya taaluma hizo, ambayo ingali imesimama hadi leo. Na sisi wenye Kiswahili tunayo sababu yetu ya kuikumbuka zama ile, kwa kuwa hamasa hiyo hiyo ndiyo iliyowafanya vijana wengi Weusi watake lugha yetu ifundishwe vyuoni mwao, na katika California hiyo hiyo ndiko Maulana Karenga alikoasisi sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966, akazipa nguzo zake saba majina ya Kiswahili, tangu umoja, ujima na ujamaa hadi kuumba na imani. Watu waliotengwa na nasaba zao kwa nguvu ya biashara ya utumwa waliichagua lugha ya pwani yetu iwe sauti ya asili yao, ijapokuwa wazee wao wengi walitoka upande wa magharibi wa bara hili. Na sidhani kwamba Mswahili yeyote mwenye moyo aweza kulisikia hilo pasipo kuona kwamba amepewa amana.

Nawageukia sasa watu wa Arizona, na hapo nitakaa kitako, kwa kuwa pale ndipo ilipoonekana wazi hatari ya bunge kutia mkono wake ndani ya somo.

Katika mji wa Tucson, ulio karibu na mpaka wa Meksiko, wilaya ya shule ilianzisha mwaka 1998 masomo ya historia, fasihi na sanaa ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko, na wanafunzi waliojiunga nayo walikuwa wengi wao watoto wa jamii hiyo hiyo, ambayo ilikuwa imekaa katika ardhi ile kabla ya kuwapo jimbo lenyewe. Mwaka 2006 Dolores Huerta, mwanamke mashuhuri aliyeshiriki kuasisi chama cha wafanyakazi wa mashambani, alialikwa kuzungumza na wanafunzi wa sekondari moja ya mji huo, akawaambia kwamba watu wa chama cha Republican wanawachukia Walatino. Maneno hayo yalikuwa makali, na yamkini hayakufaa kusemwa mbele ya watoto waliokusanywa na shule. Lakini Tom Horne, aliyekuwa msimamizi mkuu wa elimu wa jimbo na mwanachama wa chama hicho, hakutosheka na kuyajibu. Aliuelekeza mkono wake kwenye masomo yenyewe, na kwa miaka iliyofuata akawa anatafuta sheria ya kuyaondoa, hata akaipata Mei 2010, ilipotiwa sahihi na Gavana Jan Brewer.

Sheria ile ilipiga marufuku masomo yanayochochea kupinduliwa kwa serikali ya Marekani, yanayoeneza kinyongo dhidi ya watu wa rangi yoyote au tabaka lolote, yaliyotungwa hasa kwa ajili ya wanafunzi wa asili moja, au yanayotetea mshikamano wa watu wa asili moja badala ya kumtazama kila mwanafunzi kama mtu mmoja mmoja. Ukiyasoma maneno haya bila kujua yalikotoka, waweza kuyakubali nusu yake, kwani ni mzazi gani atakaye mwanawe afundishwe kinyongo? Ila sheria haipimwi kwa wema wa maneno yake peke yake, bali hupimwa pia kwa mkono utakaoishika, na mkono ule ulikuwa wa ofisa mmoja tu, aliyepewa kuwa mshitaki na kadhi kwa wakati mmoja, pamoja na uwezo wa kuikata wilaya hadi asilimia 10 ya fedha zake za jimbo. John Huppenthal, aliyemrithi Horne katika ofisi ile, aliajiri wakaguzi kutoka nje wayachunguze madarasa. Wakaguzi wakarudi mwaka 2011 na kusema kwamba hawakuona ushahidi wa kuvunjwa sheria. Naye hata hivyo akahukumu kwamba sheria imevunjwa. Januari 2012 bodi ya Tucson, ikiwa imebanwa na tishio la kukosa fedha, ikayafunga masomo yote, na vitabu saba vilivyokuwa vikitumika vikaondolewa madarasani na kutiwa makasha, miongoni mwavyo kazi ya mwanahistoria Rodolfo Acuña na ile ya mwalimu wa Brazil, Paulo Freire.

Wanafunzi hawakunyamaza. Walikwenda mahakamani, kesi ikazunguka kwa miaka, na tarehe 22 Agosti 2017 Jaji A. Wallace Tashima akatoa hukumu kwamba sheria ile ilitungwa na kutekelezwa kwa chuki ya kirangi, na kwamba iliwanyima wanafunzi haki zao za kikatiba. Na katika ushahidi alioutegemea yalikuwamo maneno ambayo Huppenthal aliyaandika katika intaneti kwa majina ya kificho akiyashutumu masomo yale. Jaji huyo, aliyezaliwa California katika ukoo wa Kijapani, alikuwa mmoja wa watoto waliofungwa pamoja na wazazi wao wakati wa Vita Kuu ya Pili katika kambi ya Poston, kambi iliyokuwa katika jimbo hilo hilo la Arizona, pasipo kosa lolote isipokuwa asili yao. Kambi zile ni miongoni mwa mambo ambayo somo la asili za jamii huyafundisha, na ambayo vizazi vya watoto wa Marekani walikuwa wakihitimu bila kuyasikia. Mimi kila niisomapo habari ya hukumu ile, naona kwamba Arizona ilikuwa imejaribu kuifuta elimu ambayo mtu aliyekuja kuihukumu alikuwa ameibeba mwilini mwake.

California ilichukua njia nyingine, ndefu na yenye makelele, nami nasema bila kusita kwamba ilikuwa njia bora, pamoja na ila zake. Sheria ya mwaka 2016, iliyoletwa na mbunge Luis Alejo, haikumlazimisha mwanafunzi kusoma kitu. Iliagiza tu utungwe mtaala wa mfano. Rasimu ya kwanza ilipotokea mwaka 2019 ilizua upinzani mkubwa. Jumuiya za Wayahudi zilisema imezipita kimya chuki zinazowasibu Wayahudi ilhali imeupa nafasi mwito wa kuisusia Israeli. Masingasinga, Waarmenia na wengineo wakauliza mbona wao hawamo. Na hata waliolipenda somo walikiri kwamba lugha ya rasimu ilikuwa ya wanachuo wachache, ngumu kwa mwalimu na ngumu zaidi kwa mtoto. Mwaka 2020 bunge likapitisha muswada wa kulifanya somo kuwa la lazima, na Gavana Newsom akaukataa tarehe 30 Septemba, akitaka rasimu irekebishwe kwanza. Maoni ya umma yakapokewa kwa maelfu, rasimu ikaandikwa upya, na tarehe 18 Machi 2021 Baraza la Elimu la jimbo likauidhinisha mtaala wa karibu kurasa 900. Waandishi wa rasimu ya kwanza waliomba majina yao yaondolewe, wakisema kazi yao imevunjwa nguvu, na hasa kwamba habari za Waarabu wa Marekani, Wapalestina wakiwamo, zimepunguzwa na kusogezwa kando. Na malalamiko yao hayakuwa ya bure. Hakuna aliyetoka katika shauri lile akiwa amepata yote aliyoyataka. Lakini kila upande ulisikizwa mchana, kwa majina, na yaliyosemwa yakaandikwa. Jambo ambalo watoto wa Tucson hawakulipata.

Mtaala ule si amri. Wilaya yaweza kuutumia, kuchagua sehemu zake, au kutunga wake, maadamu somo liwafae wanafunzi wa asili na dini zote, lisieneze upendeleo wala ubaguzi, na lisifundishe itikadi ya dini yoyote. Sharti hili la mwisho lilipata kazi mapema, kwani baadhi ya wazazi walishitaki kwamba ndani ya mtaala wa mfano mlikuwa na matamko yaliyotaja miungu ya Waazteki na mengine yenye asili ya ibada za Wayoruba, na Januari 2022 jimbo likakubali kuyaondoa. Na kwa kuwa wilaya yaweza kutunga somo lake, ndipo likaja lile sharti la mikutano miwili.

Thamani ya sharti hilo ilionekana Santa Ana, mji ulio kusini-mashariki mwa Los Angeles, ambako wanafunzi walio wengi ni wa asili ya Kilatino. Bodi ya huko iliunda kamati ya kusimamia utungaji wa masomo ya asili za jamii, na kamati ile ikafanya vikao vyake pasipo kuufungulia umma milango, ilhali California ina sheria ya mikutano ya wazi tangu mwaka 1953. Jumuiya za Kiyahudi zikaenda mahakamani mwaka 2023, zikidai kwamba masomo yalipikwa faraghani na kwamba ndani yake mlikuwa na mambo ya chuki juu ya Wayahudi. Na Februari 2025 wilaya ikakubali, kwa suluhu, kuacha kuyafundisha masomo yaliyobishaniwa mpaka yatungwe upya hadharani, umma ukiwa umeshirikishwa.

Nilisikitika kwa habari ile, na sababu zangu ni mbili zisizofanana. Nilisikitika kwa ajili ya familia za Kiyahudi ambazo zilijadiliwa bila kuwapo, na ambazo kama zingepewa kiti katika kikao cha kwanza huenda zisingehitaji wakili katika kikao cha mwisho. Na nilisikitika kwa ajili ya watoto wa Santa Ana, wajukuu wa wachuma machungwa na wajenzi wa nyumba za watu, ambao somo lao liliondolewa kwa kosa la watu wazima. Wapo wasemao kwamba faragha ilikuwa ya lazima, kwa kuwa katika zama hizi kila mkutano wa bodi huvamiwa na wapiga makelele wasio na mtoto hata mmoja katika shule husika. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, maana makelele yapo na walimu wametishwa. Ila asiyetaka kusema kweli yake mbele ya mpinzani wake bodini atalazimika kuisema mbele ya jaji, na mbele ya jaji gharama ni kubwa na uwanja ni mwembamba. Wakenya wanalielewa hili vizuri, kwani Katiba yao ya mwaka 2010 iliutia ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa tunu za utawala, na mahakama zao zimewahi kubatilisha sheria zilizopitishwa bila wananchi kusikizwa, hata pale yaliyomo ndani ya sheria hizo yalipokuwa na faida.

Sasa nitasema juu ya fedha, nami nitasema kwa uchungu. Sheria ya 2021 iliandikwa kwa namna ambayo sharti lake halianzi kufanya kazi mpaka bunge litenge fedha za kulitekeleza, na shule zilitarajiwa kuanza kulitoa somo mwaka wa masomo wa 2025–26. Mwaka huo ukafika, bajeti ikaandikwa, na fedha hizo hazikuwamo. Hivyo wilaya ambazo kwa miaka minne zilikuwa zikiandaa walimu, zikinunua vitabu na kubishana na wazazi, ziliachwa zijiamulie: nyingine zimeendelea kwa gharama zao, nyingine zimeliweka somo kuwa la hiari, na nyingine zimelikunja na kulihifadhi. Bunge linaloamuru na kisha kufunga mkoba limelitendea somo hili ubaya ambao wapinzani wake wasingeweza kulitendea, kwa kuwa limewafundisha walimu kwamba ahadi juu ya historia za wanyonge ndiyo ya kwanza kuachwa mapato yapunguapo.

Na wakati mkoba umefungwa, kalamu haikutulia. Mwaka 2024, na tena mwaka 2025, wabunge Rick Chavez Zbur na Dawn Addis walileta miswada ya kuidhibiti namna somo linavyotungwa na kupitishwa; na ule wa 2025 ulitaka jimbo liandike vigezo vya somo, somo lijifunge katika maisha ya jamii zile ndani ya Marekani, na vifaa vya kufundishia vipelekwe kuchunguzwa na Idara ya Elimu. Muswada huo uliachwa njiani, na nguvu za waliokuwa nyuma yake zikahamia katika muswada mwingine wa kuzuia chuki dhidi ya Wayahudi shuleni, uliotiwa sahihi Oktoba 2025.

Nataka kuwa na insafu kwa watu hawa, kwa kuwa hofu yao si ya kubuni. Tangu vita vya Gaza kuanza Oktoba 2023 watoto wa Kiyahudi wametukanwa katika shule kadha za Marekani, na watoto wa Kiarabu na wa Kiislamu wamepata yao. Na wapo wafanyabiashara wa mitaala ambao huuza kwa wilaya vifaa ambavyo wazazi hawakupata kuviona. Kuitaka wilaya itangaze imenunua nini, kwa nani na kwa kiasi gani, ni jambo la haki, nami ningelipigia kura. Vigezo vya jimbo pia si dhambi. California imekuwa na vigezo vya historia tangu mwaka 1998, na hakuna aliyekufa kwa ajili yake. Hapo nilipo na shaka ni pale somo hili peke yake, miongoni mwa masomo yote, linapotengwa kuwekewa mipaka ya fikra na ofisi ya kulichungulia. Mwalimu wa historia ya dunia anaruhusiwa kueleza kwa nini Wafilipino waliijia Marekani baada ya Marekani kuitawala nchi yao. Je, mwalimu wa asili za jamii akilieleza hilo hilo, atakuwa ametoka nje ya mpaka? Hakuna jamii ambayo habari yake huanzia kwenye forodha ya nchi iliyohamia. Na mwanasheria wa wilaya, akiona mpaka haueleweki, atamshauri mwalimu anyamaze, na mwalimu mwenye mkopo wa nyumba atanyamaza. Hiyo ndiyo namna sheria iandikavyo somo pasipo kugusa chaki.

Ipo pia hoja ya manufaa, ambayo watetezi wa somo huitumia mara kwa mara, nami nitaitaja kwa hadhari. Wataalamu Thomas Dee na Emily Penner waliwachunguza wanafunzi wa darasa la tisa wa San Francisco waliokuwa wakifanya vibaya na wakapangiwa somo hili lilipokuwa katika majaribio, wakaona kwamba mahudhurio yao yalipanda kwa pointi 21 za asilimia, na alama zao zikaongezeka sana. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017, wapo waliobishana na hesabu zake, na uchunguzi wa baadaye wa 2021 ukaonyesha kwamba wengi zaidi miongoni mwao walihitimu na kuingia vyuoni. Jambo linalosahauliwa ni kwamba somo lile lilitungwa polepole, na walimu waliolitaka wenyewe, wakisaidiwa na wanachuo wa San Francisco State, katika shule chache. Na watafiti wenyewe walionya kwamba matunda yake hayatapatikana kwa amri ya haraka. Jahazi lililoundwa kwa miaka kadhaa na mafundi wanaozijua mbao halitoki tena bandarini kwa juma moja kwa sababu tu muhuri umegongwa. Na mwaka 2025, baada ya malalamiko juu ya baadhi ya mafunzo, uongozi wa San Francisco huo huo uliuweka kando mtaala wa walimu wake na kujaribu kitabu cha kununua. Sijui ni lipi kati ya hayo linalonihuzunisha zaidi, kwamba mtaala ule haukuwa umepitiwa upya hadharani mapema, au kwamba uliondolewa kwa uamuzi wa juu pasipo kurudi kwa watu waliouandika.

Watoto wa wasema Kiswahili nao wamo katika madarasa haya. Wamo waliozaliwa na Wakenya na Watanzania waliokwenda kusoma wakabaki, na wamo wengi zaidi walioletwa kama wakimbizi kutoka mashariki ya Kongo, baada ya miaka katika kambi za Burundi, Rwanda, Tanzania na Uganda. Somo la asili za jamii limejengwa juu ya makundi manne ya asili: Wamarekani Weusi, Walatino, wenyeji wa asili wa nchi, na watu wa Asia na visiwa vya Pasifiki. Mtoto wa Bukavu huwekwa katika kundi la kwanza kwa rangi ya ngozi yake, naye anapaswa kuijua historia ya kundi hilo, kwa kuwa njia anayoipita mitaani ilifunguliwa kwa damu ya watu hao. Lakini vita vilivyomtoa kwao, na lugha ambayo mama yake humwitia chakula, havimo katika kurasa zile isipokuwa mtu avilete. Mahali pa kuvileta ni katika ule mkutano wa pili. Mzazi wake, ambaye kura pengine hana, neno analo, na sheria imemtambua kuwa miongoni mwa umma.

Ila mzazi huyo hatafika kwenye mkutano ambao taarifa yake hakuielewa. Sheria ya California huilazimu shule kutafsiri taarifa zake kwa lugha nyingine pale tu asilimia 15 au zaidi ya wanafunzi wake wanapokuwa wanaisema lugha hiyo nyumbani, na Kiswahili, kama zilivyo lugha nyingi za wageni wachache, hakiwezi kukifikia kiwango hicho katika shule ya kawaida. Kwa hiyo, kama ningekuwa na neno katika bunge la California huko Sacramento, nisingeandika sentensi moja juu ya kile ambacho mwalimu aseme kuhusu Palestina, au Meksiko, au utumwa. Ningeandika kwamba muhtasari wa somo, orodha ya vitabu na mkataba wa kila mshauri aliyelipwa vibandikwe hadharani siku 30 kabla ya mkutano wa kwanza. Kwamba mkutano wa pili ufanywe jioni, baada ya saa za kazi, na mkalimani aletwe kwa familia yoyote itakayomwomba, hata ikiwa ni moja. Kwamba bodi ikilikataa ombi la jamii fulani kutajwa, iandike sababu zake na kuzitia sahihi. Kwamba somo lirudi mbele ya umma kila baada ya miaka michache, mwalimu anayelifundisha akiwapo na kusikizwa. Na kwamba fedha za haya yote ziandikwe katika sheria ile ile, kwa tarakimu, kabla ya sharti lolote kuwekwa juu ya kichwa cha mtoto.